Kebehi za Shangazi Asumini

Sisi tuliosoma Newala wakati dawati moja lilikuwa la watu wanne, na wa tano akikalia tofali, tukikutana leo kwenye harusi au msiba hazipiti dakika tano kabla hatujarudi kule. Mmoja atataja baridi ya mwezi wa sita, ule ukungu uliokuwa ukiingia darasani kwa dirisha lisilo na kioo, mwalimu akawa anaita majina ya watu asiowaona. Mwingine atataja mabibo, tulivyokuwa tukiyafyonza njiani mpaka shati jeupe linapata madoa ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuyatoa. Hata leo nikiona mtu mzima ana doa la bibo kifuani namheshimu bila sababu. Watataja ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini vilivyouzwa nje ya uzio wa shule, rede ya mpira wa matambara, na fimbo za mwalimu wa zamu. Mimi ikifika zamu yangu hutaja Jumatatu za Mwalimu Silvesta.

Mwalimu Silvesta alikuja shuleni kwetu nikiwa darasa la tano. Alikuwa mtu wa Lukuledi, mrefu, mwembamba, suruali yake imepigwa pasi ya mkaa mpaka ule mkunjo wa mbele ungeweza kukata sabuni. Alifundisha Kiswahili. Wengi wetu Kiswahili tulikikuta shuleni, maana nyumbani kulikuwa na Kimakonde, na kwa wenzetu waliotoka upande wa Masasi kulikuwa na Kimakua au Kiyao. Kwa hiyo neno jipya la Kiswahili kwetu lilikuwa kama nguo ya Idi: ukilipata unalivaa popote, hata pasipohitajika.

Kila Jumatatu asubuhi aliandika neno moja kwenye pembe ya ubao, akalizungushia mstari wa chaki. Kiranja aliyelifuta kwa bahati mbaya kabla ya Ijumaa alipalilia bustani ya shule peke yake. Neno lilikaa pale wiki nzima likitutazama. Alhamisi tulikusanya madaftari yenye mifano ya neno hilo, na hapo ndipo palipokuwa na kazi, kwa sababu mwalimu hakutaka mifano ya kubuni.

"Nileteeni mlichosikia kwa masikio yenu," alisema. "Nyumbani, njiani, kwenye maji. Kiswahili hakiishi humu." Akagonga kamusi yake iliyojaladiwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji, ambayo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuishika.

Wiki ya neno bashasha tuliwaamkia wazee kwa bashasha mpaka wakatuuliza kama tumevunja kitu. Wiki ya ghadhabu hakuna mbuzi wala jogoo kijijini aliyekosa kuwa na ghadhabu. Halafu ikaja Jumatatu tuliyoingia darasani tukakuta kwenye pembe ya ubao pameandikwa KEBEHI.

Nililipenda palepale, kwa sauti yake tu. Nilidhani ni kitu cha kula. Hadija, rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja, alidhani ni aina ya kitenge.

"Kebehi," alisema Mwalimu Silvesta, "ni maneno ya kumshusha mtu. Ya kumfanya aonekane mdogo, hafai, si kitu."

Hadija akanyoosha mkono. "Mwalimu, si ndiyo matusi?"

"Hapana. Tusi hata kuku analijua. Mtu akikutukana, palepale unajua umetukanwa. Kebehi mara nyingi huja imevaa nguo za sifa. Unaweza kushukuru, ukaondoka, ukaijua ukishafika nyumbani."

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Kuna kitu kilinigusa, lakini sikujua ni nini.

Jioni ileile ya Jumatatu, Shangazi Asumini aliteremka kwenye basi la Tandahimba.

Shangazi Asumini alikuwa dada mkubwa wa Baba. Sijui mtoto ambaye hakumpenda. Alikuwa mnene, mwenye kicheko kilichokuwa kinafika kabla ya yeye mwenyewe, na sanduku la bati lililokuwa halikosi mkate wa kununua dukani uliofungwa kwenye kitenge. Alicheza rede na sisi uwanjani, mtu mzima yule, akikimbia huku amekusanya kitenge mkononi. Safari hiyo alikuwa amekuja kwa jambo kubwa. Kaka yangu Hamisi alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari, na kipindi kile kuchaguliwa sekondari ilikuwa habari ya kijiji kizima. Jumamosi Baba alikuwa ameita watu nyumbani wale na kumwombea dua, na Jumapili Hamisi angepanda gari.

Mama alikuwa Mmakua wa Chiungutwa. Baba Mmakonde wa palepale Newala. Ndiyo maana nyumbani kwetu Kiswahili kilizungumzwa kuliko nyumba nyingine, kwa sababu ndiyo lugha waliyokutana nayo wale wawili. Mama alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, msafi, asiye na maneno mengi. Kwa ajili ya wageni alikuwa ameipaka nyumba udongo mwekundu, kuta zote, kwa mkono wake.

Shangazi alisimama uani, akaitazama nyumba juu hadi chini, akasema kwa furaha kabisa, "Wifi, nyumba imependeza. Kwa mtu aliyekulia kule kwenu, umejitahidi sana."

Mama akasema, "Ahsante, wifi." Akakaza fundo la khanga yake kiunoni, ingawa halikuwa limelegea.

Nilikuwa nimekaa kwenye kinu kilicholazwa, naparura kisigino. Nikaacha kuparura. Maneno ya namna ile nilikuwa nimeyasikia tangu nipate akili, kila Shangazi alipokuja, na kila mara nilikuwa nimemwona Mama akikaza khanga isiyolegea. Lakini nilikuwa nimeyaona kama tunavyoona mvua, inanyesha tu. Sasa yalikuwa na jina. Niliinuka nikaenda kuchukua daftari.

Jumanne Mama alipika ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga. Shangazi alikula, akajilamba vidole. "Kisamvu kitamu leo. Naona siku hizi unakosea kidogo tu."

Nikaandika.

Jumatano asubuhi Mama alitoka amevaa kitenge chake cha njano, kile cha kutokea. Shangazi akampigia makofi. "Hiki kitenge jamani kinakupendeza kila mwaka."

Nikaandika.

Mchana wakazungumza habari za Hamisi. Shangazi akashika kidevu cha kaka yangu. "Mtoto ana kichwa huyu. Tumshukuru Mungu amefuata upande wetu."

Hii niliiandika kwa mwandiko mzuri kuliko zote, kwa sababu nilijua Mama ndiye aliyekuwa akimkalisha Hamisi chini na kibatari kumsikiliza akisoma, yeye mwenyewe hajui herufi, ili mradi asilale.

Ya tano ilinisumbua. Watu wengi wa kwao Mama wakizungumza Kiswahili, b yao husikika kama p. Shangazi alimwiga jikoni: "Papa Hamisi, njoo ule." Akaongeza, "Mwacheni wifi yangu, ndivyo alivyofundishwa." Sikujua kama hii ni kebehi au ni utani, maana Wamakua na Wamakonde ni watani tangu zamani, na mawifi nao hutaniana, kwa hiyo wale wawili walikuwa watani mara mbili. Niliiandika nikaiwekea alama ya kuuliza.

Ijumaa daftari lilirudi. Kumi kwa kumi, wino mwekundu, na chini yake: Vizuri sana. Pembeni ya mfano wa tano mwalimu alikuwa ameandika: Inategemea kama aliyeambiwa naye alicheka.

Darasa lilipotoka aliniita. "Somoe, huyu mtu yupo kweli?"

"Yupo, Mwalimu. Ni shangazi yangu. Amekuja kwetu mpaka Jumatatu."

Akalifunga daftari langu. "Daftari hili," akasema, "liweke chini ya mkeka, na mkeka uulalie wewe."

Nilifanya hivyo. Kama si baba yangu, mambo yangeishia pale.

Mnawakumbuka baba zetu wa enzi zile. Hawakuwa na simu za kuonyesha picha za watoto wao. Mgeni akija, mtoto mwenyewe aliitwa, akasimamishwa mbele ya watu, akaambiwa asome. Jumamosi ile uani kwetu palijaa. Upande mmoja ndugu za Baba, upande mwingine wajomba na mama wadogo waliotoka Chiungutwa kwa baiskeli na miguu, wamekaa mikekani. Wali ulikuwa umeliwa, dua imesomwa. Hamisi akasimamishwa, akasoma ukurasa mzima wa Kiingereza ambao hakuna aliyeuelewa, na watu wakampongeza kwa machozi. Basi Baba akapata moto.

"Na huyu mdogo wake naye hayupo nyuma," akasema. "Somoe, lete daftari uwasomee wageni."

Nikaleta daftari la Sayansi. Nikaanza kusoma sehemu za ua. Baba akanikatiza.

"Si hilo. La Kiswahili. Hadija ameniambia umepata kumi kwa kumi."

Hadija alikuwa amekaa na mama yake kwenye mkeka wa tatu, amevaa gauni la pinki, anatabasamu. Kwa miezi miwili baada ya siku ile sikumgawia kitu chochote cha kula.

Nikalileta. Nikalifungua kurasa za nyuma, wiki ya bashasha. Baba akanyoosha shingo begani kwangu akaona hakuna wino mwekundu wa kutosha. "Mbona unaruka? Ile yenye kumi."

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikasoma kwa sauti ndogo, "Neno la wiki. Kebehi."

"Sauti," akasema Baba.

"Neno la wiki, kebehi. Kebehi ni maneno ya kumshusha mtu, na mara nyingi huja yamevaa nguo za sifa."

Wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mjomba mmoja akasema, "Elimu hiyo."

"Mfano wa kwanza. Wifi, nyumba imependeza. Kwa mtu aliyekulia kule kwenu, umejitahidi sana."

Watu wakacheka kidogo, kama unavyochekea jambo la nyumba nyingine. Shangazi naye alicheka. Nikasoma wa pili, kile kisamvu. Kicheko kikapungua. Nikasoma wa tatu, kitenge cha kila mwaka, na wanawake wa Chiungutwa wote wakageuka kumtazama Mama, aliyekuwa amevaa kitenge hichohicho cha njano.

Baba ndiye aliyechelewa kuelewa. Alikuwa bado anatikisa kichwa akisema "Endelea, endelea," mpaka nilipofika kwenye mtoto aliyefuata upande wetu. Kichwa kikasimama.

"Somoe," akasema Baba taratibu, na ile sauti ya taratibu ndiyo iliyokuwa mbaya. "Nani kakufundisha kuandika maongezi ya wakubwa?" Mkono wake ulikuwa umeshaanza kutafuta ndala.

Hapo Mama akazungumza. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, ameshika upawa.

"Baba Hamisi, mtoto usimguse. Kaandika alichotumwa na mwalimu wake."

Sikuwahi kumsikia Mama akimkatiza Baba mbele ya watu. Nadhani Baba naye hakuwahi, maana aliiacha ndala palepale.

Shangazi Asumini alikuwa amejishika shavu. Uso ulikuwa umembadilika. "Wifi," akasema, "si utani tu? Mimi na wewe mawifi. Tena mimi Mmakonde, wewe Mmakua. Kwani hukujua kama nakutania?"

"Utani ni wa watu wawili, wifi," Mama akasema. "Miaka kumi na tano unasema wewe tu. Umewahi kusikia nikikujibu?"

Shangazi akafikiri. Alifikiri kweli, niliona macho yake yakirudi nyuma. "Hapana," akasema. "Hujawahi."

"Basi."

Mimi nilikuwa bado nimesimama na daftari kifuani, nikiamini kuwa nimeivunja nyumba yetu kwa kalamu ya risasi. Niliona ndugu wa Baba wameinamisha vichwa na ndugu wa Mama wameinua vya kwao, na nikajua tukiondoka pale hivihivi, watu wa Chiungutwa hawatakanyaga tena uani kwetu.

Shangazi akaivuta miguu yake, akakaa vizuri, akasema, "Nijibu leo. Watu wote wapo. Nijibu, wifi yangu."

Mama akatazama chini. Akakaza khanga. Nikadhani ndiyo imeishia pale, ataingia jikoni. Hakuingia. Alikuja mpaka katikati ya uwanja na upawa wake.

"Mimi," akasema, "nimetoka kwetu kwenye maji. Nikaolewa na watu waliopanda mlima mzima, wakajenga huku juu, ndipo wakakumbuka kuwa mto wameusahau bondeni."

Mjomba mmoja akatoa sauti kama mtu aliyepaliwa.

"Miaka kumi na tano nashuka na ndoo, napanda na ndoo. Kisamvu unachokula, wifi, maji yake yametembea kuliko wewe. Wewe ukija hapa unapanda basi, tena na sanduku la bati, watu wanadhani umehama. Nimelifungua kukutolea shuka. Ndani mna kitenge kimoja, na mkate umekivaa."

Sikumbuki nani alianza. Nakumbuka Bibi Zaituni, mama mdogo wa Baba, Mmakonde kabisa, alianguka ubavu juu ya mkeka. Wanaume walikuwa wakipigana mabegani. Mwalimu Silvesta, ambaye alikuwa amealikwa na kukaa pembeni akiwa amejikunyata tangu niliposema neno kebehi, alivua miwani akajifuta. Na Shangazi Asumini alicheka mpaka machozi yakatoka, akawa anajipiga paja akisema, "Mkate umekivaa. Mkate umekivaa." Akanyanyuka, akamkumbatia Mama na upawa wake, akampakaza kitenge cha njano mchuzi.

"Kumbe unayo," alimwambia. "Miaka yote hii kumbe unayo, umenificha."

"Na b pia ninayo," Mama akasema. "Naihifadhi kwa watu wa maana."

Hapo utani ukawaka uwanja mzima. Wamakua wakawarudia Wamakonde, Wamakonde wakajibu, panya wakatajwa na nani hasa huwala, chakula cha mabaki kikaletwa tena, na Hamisi, mwenye sherehe, akasahaulika kabisa mpaka akaenda kulala.

Siku ya pili, gari la Hamisi lilipokwisha kuondoka, Shangazi aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa anamenya mihogo. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kwa konzi.

"Lile neno," akasema. "Niandikie."

Nikaliandika kwa kijiti kwenye mchanga. Shangazi hakuwa anajua kusoma vizuri, alikuwa ameanza elimu ya watu wazima akaacha. Aliifuata herufi moja moja kwa ncha ya kisu.

"Nilisema yote yale? Hukuongeza?"

"Sikuongeza, Shangazi. Mwalimu hataki ya kubuni."

Akamenya muhogo mmoja mpaka mwisho. "Nyumbani kwa mume wangu," akasema, "mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alinisemesha hivyo kila siku iliyoamka. Nilikaa naye miaka tisa. Nilijua ndivyo wanavyozungumza watu wa ndoa." Akakiweka kisu chini. "Kumbe lina jina."

Nikamsaidia kumenya. Baadaye kidogo akauliza, "Na kumi ulipata kweli?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi ni kumi yetu sote wawili, maana bila mimi ungeandika nini," akacheka kile kicheko chake, nami nikapumua.

Hakubadilika kwa siku moja. Alikuja tena baada ya mavuno ya korosho, na wote tulimwona akihangaika. Alionja mboga, akafungua mdomo. "Wifi, umepika..." Akasimama. Tulimtazama wote. "Umepika," akamalizia, akanywa maji. Mama ndiye aliyemrahisishia. "Sema tu, wifi, maana lako nimeshaliandaa tangu asubuhi." Wakaendelea hivyo. Zikija habari kuwa Shangazi anakuja, Mama alikuwa anatembea akitabasamu peke yake na ndoo kichwani, na sisi tukajua anatunga.

Neno lenyewe lilienea kijijini kuliko bashasha na ghadhabu. Mtoto akinyimwa bibo alisema amekebehiwa. Mama yake Hadija alimshitaki mbuzi wa jirani kuwa anamtazama kwa kebehi. Mwalimu Silvesta alijaribu kurekebisha, akashindwa. Baada ya miaka miwili alihamishwa, na mwalimu aliyekuja baada yake alitumia pembe ile ya ubao kuandika idadi ya watoro.

Leo watoto wetu wana maneno yao. Mtu akidunishwa wanasema amechanwa, na wanasema kwa furaha, kama kwamba ni jambo la kwenda kutazama. Wanawachana watu wasiowajua, wa mikoa wasiyowahi kufika, kwa kidole gumba, huku wanakula chipsi. Nilimuuliza mpwa wangu mmoja, aliyekuwa akicheka peke yake na simu, yule dada aliyemwandikia maneno ya kumchana amemkosea nini. Akaniambia hamjui. Nikamuuliza huyo dada naye amejibu nini. Akasema dada hakujibu, amefunga akaunti. Alisema kama mtu aliyeshinda mechi.

Mwaka jana nilikwenda Newala na binti yangu, ambaye ameolewa juzijuzi. Baba alishatangulia, na mume wa Shangazi pia, kwa hiyo Shangazi amehamia kwa Mama. Siku hizi maji yanafika mpaka uani, bomba lipo, ingawa yana siku zake. Tuliwakuta wale wazee wawili barazani na ungo wa mbaazi katikati yao.

"Asumini, chambua vizuri," Mama alikuwa akisema. "Macho yako yanaona mawe ni mbaazi."

"Nakubakizia wewe. Si ndivyo mnavyokula kule Chiungutwa?"

Binti yangu akaniuliza pembeni kwa wasiwasi, "Mama, wamegombana?"

"Hapana."

"Mbona wanasemana hivyo?"

Nilijaribu kumweleza. Nikamuuliza na yeye mawifi zake wakoje. Akasema wako vizuri tu, kila asubuhi wanatumiana vikopa vyekundu na maua kwenye simu. Nikamuuliza kama wanampenda. Akafikiri kidogo, akasema hajui, hawajawahi kuongea.

Tulikaa siku nne. Mimi sasa nina umri na cheo kidogo ofisini, na nikipita watu husimama. Nikikata nywele vibaya wananiambia nimependeza. Nikisema jambo la kipuuzi kikaoni wanaliandika. Pale barazani, kabla sijaketi, wale wawili walinitazama kwa pamoja, wakatazamana, na Shangazi akasema, "Somoe, umenenepa mpaka kivuli chako kinakuja na kiti." Mama akaongeza lake, ambalo siwezi kuliandika hapa.

Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Siku ya kuondoka walisimama barabarani wameshikana mikono kwa sababu ya magoti, wakinipungia, na wote wawili walikuwa wanalia. Kwenye gari binti yangu aliniuliza kwa nini nami nalia. Nikamwambia kuwa wamebaki wawili tu duniani wa kuniambia vile.